Shajara ya mradi: kupima kingamwili za korona kwa wanafunzi na wafanyakazi wa chuo, Pwani ya Kenya, 2021

Swali la mradi ni moja: katika chuo hiki, ni watu wangapi ambao damu yao inaonyesha wamewahi kuambukizwa virusi vya korona, wawe waliugua au hawakuhisi chochote? Shajara inaandikwa kwa ajili ya maabara za vyuo vingine zinazotaka kufanya kazi hii. Majibu ya washiriki hayamo humu. Kilichomo ni njia, makosa, na kila kosa lilitugharimu nini. Gharama tunazihesabu kwa sahani (vibao vya plastiki vyenye vishimo vya kupimia), mirija na siku, kwa sababu bei za vifaa hupanda na kushuka, lakini sahani iliyoharibika ni hasara popote ilipo.

18 Januari 2021: Nani apimwe

Watafiti wa KEMRI-Wellcome, mradi wa utafiti wa tiba ulioko Kilifi, walipima wachangia damu 3,098 nchini kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Makadirio yao yalikuwa asilimia 4.3 kwa nchi nzima na asilimia 8 kwa Mombasa. Wimbi la pili limepita tangu hapo, kwa hiyo tumeanza na kadirio la asilimia 10 na ukingo wa kosa wa asilimia 3 kila upande. Hesabu ni 1.96² × 0.10 × 0.90 ÷ 0.03², nayo inatoa watu 384. Ikiwa ukweli ni asilimia 30, watu hao hao watatupa ukingo wa asilimia 4.6, ambao bado unavumilika. Tumetenga asilimia 15 ya watakaokataa au kukosekana: 384 ÷ 0.85, yaani 452.

Wafanyakazi wana hesabu yao. Kundi la watu 600 halihitaji 384. Ni 384 ÷ (1 + 383/600), sawa na 234. Ukisahau punguzo hili utanunua vifaa vya watu 150 usiowahitaji.

Kosa la kwanza lilikuwa tangazo. Tulibandika karatasi mabwenini tukiomba wanaojitolea. Waliojitokeza mbele walikuwa wale waliopoteza harufu mwaka jana na wanataka kujua kama ilikuwa korona. Kundi la namna hiyo linapandisha asilimia hata kabla ya damu kutoka. Orodha yote tumeifuta. Gharama: siku 4. Sasa tunachagua kwa nasibu kutoka kwenye orodha ya msajili, wanafunzi wa bwenini mbali na wanaopanga mitaani.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi na nusura litupite. Orodha ya ofisi ya wafanyakazi haikuwa na walinzi, wasafishaji wala wapishi wa mkahawa, kwa sababu wameajiriwa na wakandarasi. Hao ndio wanaokutana na watu wengi kuliko yeyote, na ndio wasioweza kufanyia kazi nyumbani. Tumezunguka kwa wasimamizi wa zamu tukaandika majina upya. Kama chuo chako kinatumia wakandarasi, anzia hapo.

3 Februari: Vijibanzi vya haraka tumeviacha

Kijibanzi cha plastiki cha kupimia tone la damu kinatoa jibu kwa dakika 15 na hakihitaji umeme, na tulitamani sana kitufae. Kabla ya kumgusa mshiriki hata mmoja, tulikijaribu kwa seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikiganda) zilizohifadhiwa tangu 2018, mwaka ambao virusi hivi havikuwepo. Kila mstari unaojitokeza kwenye seramu ya 2018 ni uongo wa kijibanzi. Mistari hafifu ya IgM, aina ya kingamwili inayotangulia kutokea, ilijitokeza kwenye kadhaa. Baadhi ya vipimo vinajulikana kudanganyika na damu za maeneo yenye malaria na maambukizi mengine, kwa hiyo asilimia zilizochapishwa kwenye kijikaratasi cha kiwanda, zilizopatikana kwa damu za Ulaya au Asia, usizihamishie Pwani bila kuzipima.

Kwa nini asilimia chache za uongo zinatisha hivyo? Chukua watu 1,000, tuseme 50 kweli waliambukizwa. Kipimo kinachonasa asilimia 90 kitawaona 45. Kipimo hicho hicho kikikosea kwa asilimia 3 ya wasioambukizwa, kitawaita chanya watu 28 au 29 kati ya 950. Yaani karibu wawili katika kila watano utakaowaambia wana kingamwili hawana.

Tumehamia ELISA, kipimo cha maabara kinachoonyesha kingamwili kwa rangi, cha sahani yenye vishimo 96, tunachokiandaa wenyewe. Seramu za 2018 zimekuwa mali kubwa kuliko mashine yoyote iliyomo maabarani. Kama maabara yako haina, omba benki ya damu au mradi wa zamani wenye ridhaa inayoruhusu matumizi mengine, na uombe kibali cha kamati ya maadili mapema.

22 Februari: Damu ya mshipa

Mililita 5, mrija wenye jeli, dakika 30 wima ili igande, dakika 10 kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungushia mirija) kwa nguvu ya 1,500 g, yaani mara 1,500 ya mvuto wa dunia, seramu inagawanywa kwenye vichupa viwili. Hayo yamezoeleka. Tulipoharibikiwa ni hapa:

Siku ya kwanza sentrifuji iliwekwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Mizunguko si g. Nguvu hupatikana hivi: 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko mara mizunguko. Rota yetu ina sentimita 15, kwa hiyo mizunguko 1,500 ilikuwa g 377 tu, jeli haikupanda, na chembe nyekundu zilibaki zikielea kwenye seramu. Kufikia 1,500 g rota hii inataka mizunguko 2,990. Namba hiyo sasa imebandikwa kwenye mfuniko wa mashine kwa herufi kubwa. Mirija ya asubuhi ile ilizungushwa tena, lakini mrija wa jeli haupendi kurudiwa: kinachokaa chini ya jeli huweza kuvuja juu. Iliyokuwa imegeuka waridi tuliitupa na kuwaomba wenyewe warudi. Si wote waliorudi.

Lebo za karatasi zilibanduka kwenye friza ndani ya wiki. Gundi ya kawaida haishiki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hasa ukibandika kwenye kichupa ambacho tayari kina unyevu. Tiba: lebo maalumu za baridi, zibandikwe kichupa kikiwa kikavu na chenye joto la chumba, na namba ile ile iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko. Vichupa viwili vilivyopoteza namba tumevitoa kabisa kwenye mradi. Kubahatisha ni vibaya kuliko kukosa.

Namba ya usajili ya mwanafunzi isitumike kwenye kichupa. Tumechapa namba mpya kwa nakala nne: fomu ya ridhaa, dodoso, mrija na kichupa. Ufunguo unaounganisha namba na jina anao mtu mmoja asiyeingia maabara.

8 Machi: Chanjo imefika, mpango umebadilika

Shehena ya kwanza ya AstraZeneca imetua Nairobi wiki iliyopita na walimu wako kwenye kundi la kutangulizwa. Ni habari njema kwa wahadhiri wetu, lakini inavunja kipimo chetu. Sahani zetu zilikuwa zimepakwa protini ya mwiba, ile iitwayo S. Chanjo hii inaufundisha mwili kutengeneza kingamwili za S peke yake. Mhadhiri aliyechanjwa na mpishi aliyeambukizwa wataonekana sawa.

Tumeongeza antijeni ya pili (antijeni ni kipande cha kirusi ambacho kingamwili hushika), protini ya N inayoshika vinasaba ndani ya kirusi. Chanjo hii haina N. Usomaji wetu sasa ni huu: S na N zote chanya, ameambukizwa, achanjwe asichanjwe. S chanya na N hasi kwa aliyechanjwa, ni chanjo. S chanya na N hasi kwa ambaye hajachanjwa, huenda ni maambukizi ambayo N yake imeshapungua. Anaingia kwenye safu yake peke yake, halazimishwi kwenda upande wowote. Dodoso limeongezewa maswali matatu: umechanjwa, chanjo gani, tarehe gani. Watakaokumbuka tarehe watakuwa wachache, kwa hiyo tunaomba kuona kadi.

Gharama: sahani zimekuwa mara mbili. Sahani moja ina vishimo 96. Viwili vya bafa tupu, viwili vya chanya kali, viwili vya chanya dhaifu, viwili vya mchanganyiko wa hasi, vinne vya seramu za 2018. Vinabaki 84, yaani watu 42 ukimpima kila mmoja kwenye vishimo viwili. Watu 452 ni sahani 11 kwa antijeni moja, 22 kwa mbili. Ongeza tano za kuharibika. Tulidhani ni nyingi mno, baadaye zilitumika zote.

15 Machi: Sahani tatu za kwanza, zote zimefeli

Njia tunayofuata ni ya maabara ya Mount Sinai, New York, ambayo watafiti wa Kilifi pia waliifanya msingi wa kipimo chao. Kwa ufupi: antijeni mikrogramu 2 kwa mililita, mikrolita 50 kwa kila kishimo, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Osha mara tatu. Ziba nafasi tupu kwa maziwa ya asilimia 3, mikrolita 200, saa moja. Seramu iliyopashwa nyuzi 56 kwa saa moja, ikazimuliwa (ikapunguzwa ukali) kwenye maziwa ya asilimia 1, mikrolita 100, saa mbili. Osha. Kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, 1 kwa 3,000, mikrolita 50, saa moja. Osha. Rangi ya OPD (kemikali inayogeuka rangi palipo na kimeng'enya) mikrolita 100, dakika 10 kamili. Zima kwa asidi ya haidrokloriki ya molari 3, mikrolita 50. Soma ukali wa rangi kwenye nanomita 490.

Sahani ya kwanza: vishimo vya pembezoni vilisoma juu kuliko vya katikati, hata vya mchanganyiko wa hasi. Sahani ilitolewa kwenye jokofu ikawekwa moja kwa moja chini ya upepo wa kiyoyozi. Pembezoni hupata joto na kukauka kabla ya katikati. Sasa sahani hukaa dakika 30 kwenye joto la chumba kabla ya kuguswa, hufunikwa kwa karatasi ya kunata, hazirundikwi zaidi ya mbili, na zimehamishiwa meza iliyo mbali na kiyoyozi.

Sahani ya pili: safu nzima ya wima ilikuwa na rangi kali. Sindano moja ya mashine ya kuoshea ilikuwa imeziba. Kilichoziba ni maziwa. Tulinunua dukani maziwa ya unga yenye mafuta, na mafuta yale hayayeyuki yote, huacha chenga. Tumia maziwa yasiyo na mafuta, yakoroge dakika 20, yachuje, yatumike siku hiyo hiyo. Kwa joto la huku maziwa ya jana yameshaanza kuchacha. Kila jioni mashine huoshwa kwa maji yaliyosafishwa, na kila asubuhi tunajaza sahani tupu na kutazama kwa macho kama vishimo vyote vina kimo kimoja. Kazi ya dakika mbili, inaokoa sahani nzima.

Sahani ya tatu ilitusumbua kuliko zote kwa sababu ilionekana nzuri. Namba zilipanda polepole kutoka safu ya 1 hadi ya 12. Rangi ilimiminwa kwa pipeti ya kishimo kimoja na asidi kwa pipeti ya vishimo vinane. Safu ya kwanza ilipata rangi dakika mbili na zaidi kabla ya ya mwisho, kisha zote zikazimwa karibu kwa pamoja. Katika kazi ya dakika 10, dakika mbili ni nyingi. Rangi na asidi sasa vinamiminwa kwa pipeti moja, mpangilio mmoja, mwendo mmoja, mtu mmoja akihesabu kwa sauti. OPD pia haitaki mwanga: tunaiyeyusha dakika ya mwisho na kuifunika kwa karatasi ya alumini. Vaa glavu, si kitu cha kugusa ngozi.

Kanuni tuliyojiwekea: vishimo viwili vya mtu mmoja vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 20, mtu huyo anarudiwa. Chanya dhaifu inaandikwa kwenye chati ya ukutani kila sahani. Ikitoka nje ya wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika), sahani inachunguzwa kabla ya jibu lolote kuandikwa.

29 Machi: Kazi imesimama

Masharti mapya yalitangazwa tarehe 26 na masomo ya ana kwa ana yamesimamishwa. Wanafunzi wanaondoka. Sampuli zilizopo ziko frizani na kazi pekee iliyobaki ni kuzilinda. Friza ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya kujiyeyusha barafu yenyewe. Usikubali friza hiyo. Kila inapojiyeyusha hupasha vichupa na kuvigandisha tena, na kingamwili huumia kila mzunguko. Tumehamia friza ya kawaida, kipimajoto chenye kumbukumbu ndani, chupa za maji zilizoganda zikijaza nafasi tupu ili umeme ukikatika baridi ibaki muda mrefu. Kichupa cha kazi na kichupa cha akiba havikai friza moja.

24 Mei: Tone la damu kwenye karatasi

Ramadhani na Idi zimepita, wanafunzi wanarudi. Tulipanga tangu mwanzo tusichukue damu mwezi wa mfungo. Wapo wanaoona kutolewa damu mchana kunawatia shaka kwenye saumu, na hakuna sababu ya kumweka mtu kwenye shaka hiyo.

Baadhi ya walinzi wa zamu ya usiku na wafanyakazi wa kampasi ndogo hawafikiki kwa damu ya mshipa, kwa hiyo tumeongeza damu ya kidole kwenye karatasi maalumu ya kuchujia. Tone la kwanza lipanguswe. Duara lijazwe kwa tone moja kubwa, lisigongwegongwe mara tatu. Matone yaliyopandana hayana ujazo sawa. Kipande cha milimita 3.2 kina takriban mikrolita 3 za damu, na nusu tu ya hiyo ndiyo seramu. Mzimuo upangwe kwa kujua hilo.

Kilichotushinda hapa ni unyevu wa Pwani. Maelekezo yanasema karatasi ikauke saa tatu au nne. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha, saa nne haitoshi. Karatasi za siku ya kwanza zilifungwa zikiwa na rangi ya damu mbichi, na baada ya siku tano zilikuwa na ukungu. Zote zimetupwa. Gharama: kundi zima la kampasi ndogo, siku 6 za kurudi. Tiba: usiku mzima hadi saa 24 kwenye chumba chenye kiyoyozi, karatasi zikilazwa kwenye vishikio bila kugusana, mpaka damu igeuke rangi ya chokoleti. Kisha mfuko wa kufunga wenye pakiti mbili za silika na kadi inayobadilika rangi kwa unyevu. Kadi ikigeuka waridi, badilisha silika siku hiyo.

Watu 30 walitoa vyote viwili, mshipa na kidole, ili tujue njia mbili zinalingana wapi. Usichanganye majibu ya njia hizi kabla ya kufanya ulinganisho wako.

21 Juni: Mstari kati ya hasi na chanya

Tulianza kwa mstari wa kawaida: wastani wa seramu za 2018 jumlisha mikengeuko sanifu mitatu. Ulitembea sahani hadi sahani. Sababu ni kwamba seramu chache za 2018 zina usomaji wa juu kiasili na hutanua mkengeuko. Sahani iliyopata seramu hizo ilikuwa na mstari wa juu, nyingine wa chini. Mtu mmoja angeweza kuwa chanya Jumatatu na hasi Jumatano.

Kilifi walitumia uwiano: usomaji wa mtu ugawanywe kwa usomaji wa hasi za sahani ile ile, na zaidi ya 2 ni chanya. Kwa njia hiyo, kati ya sampuli 910 za kabla ya janga, 901 zilitoka hasi, na kati ya 179 za waliothibitishwa kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi), 166 zilitoka chanya. Tumehamia uwiano, lakini namba ya 2 hatukuirithi kibubusa. Antijeni yetu si yao, mzimuo si wao. Tumepitisha seramu zetu zote za 2018 na za waliothibitishwa kwa PCR, ndipo tukachagua mstari wa S na mstari wa N kila mmoja kivyake.

Ili majibu yalinganishwe na ya maabara za mbali, chanya kali yetu imepimwa dhidi ya sampuli ya marejeo ya WHO, 20/136, yenye vizio 1,000 kwa mililita. Ampuli moja ni ndogo na haitoshi kila sahani. Itumie mara moja kupimia chanya yako ya ndani, kisha ya ndani ndiyo ifanye kazi ya kila siku.

Asilimia ghafi isiripotiwe peke yake. Isahihishe: (ghafi + uwezo wa kuwaacha wasioambukizwa − 1) ÷ (uwezo wa kunasa + uwezo wa kuwaacha − 1). Ghafi ya asilimia 10, kipimo cha 0.90 na 0.97, inatoa 0.07 ÷ 0.87, yaani asilimia 8.

12 Julai: Neno "chanya"

Ujumbe wa kwanza wa simu ulisema: "Majibu yako ya korona ni chanya." Ni kosa letu kubwa kuliko sahani zote. Wapo waliojifungia chumbani, na wapo waliotengwa na wenzao wa chumba kwa maambukizi yaliyopita miezi mingi nyuma. Neno hilo kwa watu wetu lina uzito wa ugonjwa ulio mwilini sasa hivi.

Ujumbe wa sasa hauna neno chanya wala hasi: "Damu yako imeonyesha alama kwamba mwili wako umewahi kukutana na korona au chanjo yake. Hii haimaanishi unaumwa leo. Endelea na barakoa na chanjo kama kawaida." Kwa ambaye hatukuona kitu: "Hatukuona alama hizo. Huenda hujawahi kuambukizwa, au zimepungua." Kila ujumbe una namba ya kupiga, na anayepokea ni muuguzi. Walioomba cheti cha kusafiria tumewaeleza kwamba kipimo hiki hakitumiki kwa hilo.

27 Septemba: Awamu ya pili

Watu wale wale, miezi sita baadaye. Mambo mawili yamejitokeza.

La kwanza, Sinopharm imeanza kutolewa nchini mwezi huu. Imetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, kwa hiyo ina N pia. Kwa aliyechanjwa Sinopharm, jedwali letu la Machi halisemi lolote kuhusu maambukizi. Tunamwondoa kwenye hesabu ya waliowahi kuambukizwa, isipokuwa N yake ilikuwa juu tayari kwenye kichupa cha awamu ya kwanza.

La pili, N inashuka. Baadhi ya waliokuwa juu ya mstari awamu ya kwanza wako chini yake sasa, huku S yao ikibaki. Ukipima Septemba peke yake ungewaandika kuwa hawajawahi kuambukizwa. Mwanzoni tulishuku sahani, kwa sababu awamu mbili zilipimwa miezi tofauti na kwa toleo tofauti la antijeni. Kwa hiyo tumetoa vichupa vya akiba vya awamu ya kwanza na kuviweka kwenye sahani moja na vya sasa, cha kwanza na cha pili cha mtu yule yule vikiwa bega kwa bega. Kushuka kumebaki. Gharama: sahani 6 za ziada na kichupa cha mwisho cha baadhi ya watu. Anayeanza leo agawanye seramu vichupa vitatu tangu siku ya kwanza, viwili havitoshi.